Warsha, Baraza na Kambi: Historia Fupi ya Mikusanyiko ya Waandishi na Majina Yake

Utangulizi

Miongoni mwa kazi zinazoletwa mezani petu mara kwa mara ni barua za mwaliko. Ofisi, shule au chama huandaa mkusanyiko wa waandishi, hutayarisha ratiba yake kwa Kiingereza, kisha hutuomba tuitafutie Kiswahili. Kazi yenyewe huonekana nyepesi. Kiingereza kina neno lililotoka katika vibanda vya maseremala na wahunzi. Sisi hulifasiri kuwa "warsha", tukapiga muhuri, na jalada likafungwa. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba jalada hilo hufungwa mapema mno, na kwamba historia ya mikusanyiko ya waandishi katika Afrika ya Mashariki yaweza kutufundisha namna ya kuchagua majina yake kwa uangalifu zaidi.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Miaka michache iliyopita tulifasiri mwaliko wa namna hiyo, kisha tukahudhuria mkusanyiko wenyewe. Barua ilitangaza "warsha ya waandishi wa rika zote". Walikuja wanafunzi wa sekondari, walimu, makarani na wazee wachache. Mmoja wa wazee hao, mwalimu mstaafu, alikuja na madaftari manne yaliyofungwa kwa kamba ya katani. Ndani yake mlikuwa na riwaya aliyoiandika kwa mkono. Kwa muda wa siku mbili tulisikiliza hotuba ya ufunguzi, mada tano, maazimio, na hotuba ya kufunga. Kamba ile haikufunguliwa. Wakati wa kuagana mzee alitusogelea, akauliza kwa upole: "Wanangu, warsha yenyewe itaanza lini?"

Hatukuwa na jibu. Neno tuliloliandika sisi ndilo lililomtoa kwake na madaftari yake, na neno hilo halikuwa la kweli. Tangu siku hiyo tumeliona suala la majina haya kuwa zito kuliko tulivyodhani.

Maneno Tuliyo Nayo

Kiswahili hakina uhaba wa maneno katika uwanja huu. Tatizo letu ni kuyatumia kana kwamba yote yana maana moja.

"Warsha" tumelipokea kutoka Kiarabu, na huko ni mahali pa mafundi. Ndugu yake wa karibu ni "karakana", neno lenye asili ya Kiajemi lililotujia kwa njia ya Bahari ya Hindi. Sehemu yake ya kwanza ina maana ya kazi, na ya pili ni nyumba. Maneno yote mawili basi yanatuambia jambo moja: hapa pana kitu kinachotengenezwa. Aingiaye karakana huja na chombo kibovu au ubao ambao haujarandwa, na hutarajia kuondoka na kitu kilicho bora kuliko alichokuja nacho.

"Semina" limetoka Kilatini kupitia Kiingereza, na asili yake ni kitalu cha miche. Katika semina mwenye ujuzi hupanda na wengine hupandwa. Si jambo baya. Lakini ni jambo jingine. "Kongamano" ni letu wenyewe, kutokana na kitenzi "kongamana", yaani kukusanyika kwa wingi mahali pamoja. Kongamano hutaka watu na mada; halitaki mswada. "Kambi" hubeba wazo la kuhama nyumbani na kukaa pamoja kwa muda, kama wanavyokaa wanajeshi, wachezaji au vijana wa Jeshi la Kujenga Taifa lililoanzishwa 1963. Na "baraza", kabla halijawa jina la vyombo vya dola, lilikuwa kibaraza cha mawe mbele ya nyumba, ambapo wenyeji na wageni huketi jioni wakazungumza.

Mfasiri anayeyajua haya hawezi kuandika neno lolote kati yao kwa mazoea tu. Na mtu akitaka kujua kwa nini tofauti hizi zina thamani, na atazame yaliyotokea katika mikusanyiko yenyewe.

Kabla ya Warsha: Wino, Karatasi na Kibaraza

Mafunzo ya uandishi katika pwani yetu hayakungoja ofisi wala bajeti. Mnamo 1858 Mwana Kupona binti Mshamu, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu, alimtungia binti yake utenzi wa mawaidha ambao umebaki kuwa miongoni mwa kazi mashuhuri za fasihi yetu. Wasomaji wengi huutazama kwa mafundisho yake juu ya ndoa na dini. Sisi tunapenda kuangalia mwanzo wake, ambapo mama anamtaka binti aje karibu na wino na karatasi. Hapo pana mtungaji mzee aliye mgonjwa, mwandishi kijana, na kazi inayoandikwa wakati huohuo mbele ya wote wawili. Kwa kipimo cha maana ya neno, hiyo ni warsha kamili, ingawa wahudhuriaji ni wawili tu.

Huko Mombasa, katika nusu ya kwanza ya karne hiyohiyo, Muyaka bin Haji alitunga mashairi yaliyosikiwa, yakajibiwa na kukaririwa na watu wa mji wake. Tungo hizo zilikaa katika vifua vya watu muda mrefu baada ya kifo chake, hata Mwalimu Sikujua bin Abdallah akasaidiana na mmisionari W. E. Taylor kuzikusanya, zikachapishwa kuwa diwani mwaka 1940. Jambo hili lisingewezekana kama ushairi ungekuwa shughuli ya mtu mmoja chumbani. Desturi ya kujibizana ilimlazimu kila mtunzi kuitoa kazi yake mbele ya wajuzi ambao wangeikosoa papo hapo: vina vikipotoka, mizani ikipungua, jibu lilikuja na aibu ndani yake.

Gazeti la Mambo Leo lilipoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, majibizano hayo yalipata kibaraza kipya cha karatasi. Mtunzi wa Tanga aliweza kusomwa na kujibiwa na mtunzi wa bara ambaye hawajapata kuonana. Shaaban Robert ni mmoja wa waliochapisha humo mashairi yao.

Kamati na Miswada

Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika ya Mashariki ilianza kazi kwa ajili ya Kenya, Tanganyika, Uganda na Unguja. Wasomaji wa jarida hili wanaijua kwa usanifishaji wa tahajia na kwa kamusi. Yafaa ikumbukwe kwamba miongoni mwa malengo yake lilikuwamo pia la kuwatia moyo na kuwasaidia waandishi ambao Kiswahili ni lugha yao ya kuzaliwa. Kamati ilisoma miswada na kukagua lugha yake, na kitabu cha shule kilihitaji idhini yake.

Hapa tunaona sura nyingine ya mkusanyiko: mswada upo, wasomaji wapo, lakini mwandishi hayupo. Katika miaka ya mwanzo wajumbe walikuwa Wazungu. Kazi ya Mswahili ilipelekwa kwao, ikasahihishwa, ikarudi. Hatusemi kwamba hapakuwa na faida. Tunasema kwamba fundi aliyepeleka ubao wake karakana bila kuruhusiwa kuingia mwenyewe hakupata nafasi ya kujifunza randa inavyoshikwa, wala ya kumwambia mwenye randa kwamba anaharibu ubao. Hali hiyo ilibadilika polepole, na Shaaban Robert mwenyewe alikuja kuwa mjumbe. Mwaka 1964 kazi za Kamati zilihamishiwa katika chuo cha uchunguzi wa Kiswahili pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambacho tangu 2009 ni sehemu ya TATAKI.

Makerere, 1962: Jina Linapokuwa Mlango

Mkusanyiko wa waandishi uliotajwa kuliko mingine yote katika eneo letu ulifanyika Chuo Kikuu cha Makerere, Kampala, Juni 1962. Walihudhuria Chinua Achebe, Wole Soyinka, Christopher Okigbo, Ezekiel Mphahlele, Grace Ogot, Rebeka Njau, na kutoka Marekani mshairi Langston Hughes. Miongoni mwa wenyeji alikuwamo mwanafunzi wa chuo hicho, James Ngugi, ambaye baadaye dunia ilimjua kwa jina la Ngũgĩ wa Thiong'o.

Kwetu sisi watu wa istilahi, jambo kubwa la mkutano ule ni jina lake. Uliitwa mkutano wa waandishi Waafrika wanaojieleza kwa Kiingereza. Maneno machache yaliyoongezwa mwishoni yaliweka mlango na bawabu. Ngũgĩ alieleza miaka mingi baadaye kwamba yeye, mwanafunzi mwenye hadithi fupi chache zilizochapishwa, alistahili kualikwa. Shaaban Robert, aliyekuwa na vitabu vingi vya ushairi na nathari, hakustahili, kwa kuwa aliandika kwa Kiswahili. Shaaban Robert alifariki dunia mwezi huohuo wa Juni 1962. Katika mkutano mkubwa wa kwanza wa waandishi uliofanyika katika ardhi ya Afrika ya Mashariki, lugha ya Afrika ya Mashariki ilibaki nje kwa sababu ya istilahi.

Kuna la pili la kujifunza Makerere. Mkutano ulikuwa kongamano: palikuwa na mada na mabishano mengi juu ya maana ya fasihi ya Kiafrika. Hata hivyo, tendo mojawapo lililozaa matunda ya wazi lilitendeka pembeni. Ngugi alimpa Achebe mswada wa riwaya yake ausome. Riwaya hiyo, Weep Not, Child, ilichapishwa mwaka 1964. Kwa muda mfupi, kongamano liligeuka karakana mikononi mwa watu wawili.

Mphahlele, aliyekuwa mkimbizi kutoka Afrika Kusini, alijaribu kulifanya tendo hilo kuwa la kudumu. Mwaka 1963 alifungua mjini Nairobi kituo cha sanaa alichokiita Chemchemi, na humo mliendeshwa mafunzo ya waandishi pamoja na michezo ya kuigiza na maonyesho. Mwanzilishi alikuwa mgeni, na sehemu kubwa ya kazi za kituo ilikuwa kwa Kiingereza. Lakini jina alilolichagua lilikuwa la Kiswahili, na lilisema kweli: mahali ambapo maji hutoka, si mahali ambapo maji huhutubiwa.

Ngonjera na Kamĩrĩĩthũ

Katika Tanzania, Azimio la Arusha la 1967 liliwapa washairi kazi mpya. Mwalimu Nyerere aliwaomba waueneze ujumbe wake kwa wananchi. Mathias Mnyampala, kiongozi wa chama cha UKUTA, alikuza ngonjera: majibizano ya kishairi yanayoghaniwa na wahusika wawili au zaidi mbele ya hadhira. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwanzoni mwa miaka ya 1970, na shule zikazipokea kwa furaha. Walio na umri wa wazazi wetu wanakumbuka jinsi mtoto wa darasa la nne alivyosimama mbele ya mkutano wa kijiji akaghani. Hapo suala la rika lilitatuliwa bila mtu kuliita suala: mtoto na mzee walikuwa katika uwanja mmoja. Upungufu wake ni kwamba mara nyingi mtoto alighani tungo iliyokwisha kutungwa. Alijifunza sauti na ushujaa. Kutunga alijifunza kwa bahati.

Mfano ulio kamili zaidi tunaupata Kenya, katika kijiji cha Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru. Mwaka 1976 wanakijiji walianzisha kituo cha elimu na utamaduni, wakaanza na kisomo cha watu wazima. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ walipewa kazi ya kuandaa rasimu ya mchezo kwa Kigĩkũyũ, Ngaahika Ndeenda. Rasimu hiyo ililetwa mbele ya wakulima na wafanyakazi, ikasomwa, ikajadiliwa na kubadilishwa. Wasomi wawili walisahihishwa lugha yao na watu ambao baadhi yao walikuwa wametoka tu katika darasa la kisomo: mzee hasemi hivi, wimbo huu hauimbwi hivyo. Mazoezi yalifanywa hadharani, kila apitaye akaruhusiwa kusema. Wanakijiji walijenga kwa mikono yao ukumbi wa wazi wa watu wapatao 2,000.

Maonyesho yalianza Oktoba 1977. Novemba serikali ikafuta kibali. Mwishoni mwa Desemba Ngũgĩ akatiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Mwaka 1982, kundi lilipojaribu tena kwa mchezo mwingine, ukumbi ulibomolewa. Mikusanyiko mingapi ya waandishi imeonekana kuwa na uzito kiasi cha kubomolewa? Hotuba za ufunguzi hazijapata kumtia mtu hofu. Kilichotia hofu Kamĩrĩĩthũ ni watu wa kawaida walioshika kalamu ya kusahihishia.

Vitabu vya Watoto na Sauti za Wasichana

Baada ya soko la vitabu vya Kiswahili kudhoofika katika miaka ya 1980, juhudi mpya zilianza kwa wasomaji wadogo. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa 1991, uliwakutanisha waandishi, wachoraji na wahariri katika mafunzo, kwa sababu kitabu cha mtoto hakiwezi kutengenezwa na mmoja wao peke yake. Mwandishi aliyezoea kuandika kwa watu wazima alilazimika kukaa na mchoraji na kukata sentensi zake.

Mwaka 1996 wanataaluma wa sanaa za maonyesho wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakiwamo Penina Mlama na Amandina Lihamba, walianzisha mpango wa Tuseme katika shule za sekondari. Wasichana walichunguza wenyewe matatizo yanayowazuia kusoma, wakayatungia michezo, wakayaigiza mbele ya walimu na wanafunzi wenzao. Mpango huo ulienea baadaye katika nchi nyingine za Afrika. Waasisi wake hawakuuita warsha, semina wala kongamano. Waliuita kwa kitenzi, tena cha nafsi ya kwanza wingi. Tunaona hapo somo kwa waundaji wa istilahi: jina zuri la shughuli ya waandishi humwambia mhudhuriaji atafanya nini.

Siku hizi tunazo pia tuzo: ile ya Mabati-Cornell iliyoanzishwa 2014, ambayo baadaye ilichukua jina la Safal, na Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, ambayo washindi wake wa kwanza walitangazwa 2023. Tunazishukuru. Lakini tuzo huupokea mswada uliokwisha kukomaa. Mahali pa kuukomazia ndipo palipo haba, na ndipo jina "warsha" linapotumika ovyo zaidi.

Mapendekezo

Kutokana na historia hii tunatoa mapendekezo yafuatayo kwa wafasiri, walimu na watumishi wa serikali.

Kwanza, neno "warsha" litumike pale tu ambapo miswada ya wahudhuriaji wenyewe itasomwa na kurekebishwa. Kipimo ni rahisi: mfasiri aitazame ratiba. Isipokuwapo saa hata moja ya miswada, hiyo si warsha, hata kama asili ya Kiingereza inasema hivyo. Mfasiri mwema hufasiri jambo, si bango lake.

Pili, mkusanyiko wa mafunzo yanayotolewa na wajuzi uitwe "semina", na ule wa mada na majadiliano uitwe "kongamano". Hakuna aibu katika majina haya. Mtu akialikwa kongamano ataacha madaftari yake nyumbani, naye hatakuwa amedanganywa.

Tatu, "kambi ya uandishi" itumike kwa mkusanyiko ambao washiriki, hasa vijana na watoto, wanalala na kula pamoja huku wakiandika. Ikiwa wanarudi kwao kila jioni, tuseme "mafunzo ya likizo" au jina jingine la wazi.

Nne, kwa shughuli ambayo mwandishi hukutana na wasomaji, akasoma sehemu ya kitabu chake na kuulizwa maswali, tunapendekeza "baraza la mwandishi". Kwa sasa karibu kila shughuli ya namna hiyo huitwa "uzinduzi". Kuzindua ni kumwamsha aliyelala au aliyeduwaa. Nasi tumeshuhudia vitabu vingi vikizinduliwa asubuhi kwa ngoma, na jioni vikalala tena usingizi mzito ghalani. Uzinduzi ni wa siku moja. Baraza laweza kurudiwa kila mwezi, shuleni, maktabani, hata chini ya mwembe.

Tano, maneno "wa rika zote" yasiandikwe kama pambo. Yakiandikwa, ratiba ionyeshe mahali ambapo kijana atausoma mswada wa mzee, na mzee wa kijana, kama Mwana Kupona na binti yake walivyoshirikiana wino.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba tunashughulika na majina wakati waandishi wanahitaji fedha, karatasi na wachapishaji. Haja hizo ni za kweli. Lakini ofisa anayegawa fedha hugawa kwa kufuata jina lililo katika ombi, na mwalimu anayempeleka mwanafunzi humpeleka kwa kufuata jina lililo katika barua. Jina likiwa la uongo, fedha hupotea na mwanafunzi hurudi kama alivyokwenda.

Kuhusu mwalimu mstaafu wa madaftari manne, tulimwandikia baadaye tukamwomba radhi, tukamwalika ofisini. Alikuja. Tuliketi naye, watu watatu, kwa alasiri tatu, tukasoma sura mbili za mwanzo kwa sauti. Yeye alitusahihisha maneno mawili ya uvuvi ambayo tulikuwa tumeyaorodhesha kimakosa. Sisi tulimwonyesha mahali ambapo sura ya pili inajirudia. Hapakuwa na bango, posho wala maazimio. Katika daftari la kumbukumbu za ofisi, mbele ya tarehe za siku hizo tatu, tuliandika neno moja: warsha.